Laphroaig ya miaka 10: chupa moja, jioni nne

Chupa hii imekaa kabatini kwangu tangu mwezi Juni, na nimeifungua mara nne tu. Kama ningeandika tathmini baada ya mara ya kwanza, ningeisifu kupita kiasi, na kama ningeandika baada ya ile ya pili, ningemshauri msomaji abaki na bia yake. Kwa kuwa wiski iliyomo haikubadilika kati ya jioni hizo mbili, nimeona ni haki nimweleze pia yule aliyekuwa ameshika glasi.

Laphroaig hutengenezwa pwani ya kusini ya kisiwa cha Islay, magharibi mwa Uskoti, katika kiwanda kilichoanzishwa mwaka 1815 na ndugu wawili wa ukoo wa Johnston. Kinachoitofautisha na wiski nyingi ni moshi. Shayiri ikishaloweshwa na kuanza kuchipua, kimea chake hukaushwa kwa moto wa peti, yaani udongo mweusi wa kinamasi uliotokana na mimea iliyooza kwa maelfu ya miaka, ambao hukatwa vipande kama matofali, ukaanikwa na kuchomwa kama kuni. Moshi huo ukishaingia katika nafaka hautoki tena, hata baada ya pombe kukenekwa mara mbili na kulala miaka isiyopungua 10 katika mapipa ya mwaloni yaliyowahi kuhifadhi bourbon, wiski ya Marekani. Chupa yangu ina kileo cha asilimia 40, ambacho ndicho kiwango cha chini kinachoruhusiwa kisheria kwa wiski ya Uskoti. Kwa kinywaji chenye sauti kubwa namna hii, ningependa kiwe kikali zaidi kidogo.

Ukiifungua, harufu inayotangulia ni ya zahanati: iodini, bandeji, sakafu iliyopigwa dawa. Nyuma yake unakuja moshi wa kuni zilizozimwa kwa maji, kisha mwani wa ufukweni maji yakiwa yamekupwa. Mdomoni mambo hugeuka, kwani kuna utamu wa vanila, chumvi kidogo na pilipili manga, na mwishowe majivu ambayo hubaki kooni muda mrefu baada ya glasi kuwekwa chini.

Maneno hayo ni yangu, na yana asili yake. Nimelelewa katika nyumba ambamo maziwa yalihifadhiwa katika kibuyu kilichosuguliwa ndani kwa kijinga cha moto, kwa hiyo ladha ya moshi kwangu ni chakula, wala si dalili kwamba kuna kitu kimeungua jikoni. Shemeji yangu, ambaye hakukua na kibuyu hicho, alinusa mara moja tu akaniuliza, “Shemeji, umenimiminia dawa ya vidonda?” Hakunywa, na sikumlazimisha. Watengenezaji wenyewe wanalifahamu jambo hili vizuri, hata wamewahi kuinadi wiski yao kwa kutumia maoni ya wanywaji, yakiwemo ya wale waliochukizwa nayo.

Jioni ya kwanza ilikuwa Julai, Limuru, baridi ikiwa imeshika kweli, na tulikuwa marafiki wanne tuliomaliza nyama choma na kubaki tumelizunguka jiko la makaa. Moshi wa glasi na moshi wa jiko ulikuwa kitu kimoja, na sikumbuki wiski iliyowahi kunipendeza vile. Wiki mbili baadaye niliinywa peke yangu, nikiwa na mafua na hasira za kazini. Nilipata majivu na uchungu, basi. Mafua yanaeleza sehemu kubwa ya hayo, kwa sababu mengi ya yale tunayoyaita ladha hupitia puani. Hasira ilimalizia iliyobaki.

Jioni ya tatu ndiyo iliyonifundisha zaidi. Tulikuwa tumemzika mjomba siku tatu kabla, baada ya majuma mengi ya kumtembelea wodini. Nilipoinua glasi, ile harufu ya zahanati ambayo Julai niliiona kichekesho ilinirudisha kitandani kwake, na glasi sikuimaliza. Harufu ina njia fupi ya kufika katika sehemu za ubongo zinazoshughulika na kumbukumbu na hisia, lakini kulisoma jambo hilo ni tofauti na kukaa nalo mezani.

Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford, Charles Spence akiwemo, waliwapitisha mamia ya watu katika vyumba vitatu jijini London, kila mtu akiwa na glasi ya wiski ileile. Katika chumba cha kijani chenye majani waliinusa kama nyasi, katika chumba chekundu waliiona tamu zaidi, na katika chumba cha mbao, ambako sakafu ilisikika ikilia, walipata ladha ya mti na kuipenda kuliko kwingineko. Ikiwa rangi ya ukuta inaweza kufanya hayo, sioni ni vipi msiba ungeshindwa.

Mara ya nne ilikuwa Alhamisi ya kawaida isiyo na tukio lolote. Niliongeza matone machache ya maji bila barafu, maana ubaridi huifunga harufu, nikapata kinywaji kizuri, chenye utamu kuliko nilivyodhania, na moshi wa wastani. Nadhani hiyo ndiyo tathmini iliyo karibu zaidi na chupa yenyewe. Hata hivyo, anayeanza safari ya wiski asianzie hapa, na yeyote anayetaka kununua aombe kwanza glasi moja baani, siku ambayo pua yake ni nzima na hana mgonjwa hospitalini.