Mkanda wa nyonga wa SAM: unajua kukaza, haujui pa kukaa

Mguu uliovunjika huonekana. Fupanyonga lililovunjika mara nyingi halionekani. Mwendesha pikipiki aliyerushwa, au mtembea kwa miguu aliyegongwa na gari, anaweza kulala pale bila jeraha la maana kwa nje huku ndani akivuja damu kwa kasi. Mtu mzima wa kilo 70 ana damu ya lita 5 hivi. Paja moja lililovunjika linaweza kumeza lita 1 hadi 1.5. Fupanyonga lililofunguka mbele kama kitabu linaweza kuchukua lita 2 na kuendelea, kwa kuwa damu inakwenda nyuma ya tumbo, mahali pasipo na kitu kigumu cha kuizuia. Sehemu kubwa ya damu hiyo hutoka kwenye mishipa ya vena na kwenye ncha za mifupa yenyewe. Ukiibana mifupa irudi karibu na mahali pake na kuizuia isisuguane, damu hupata nafasi ya kuganda. Kazi ya mkanda wa nyonga ni hiyo tu. SAM Pelvic Sling II, wa kampuni ya SAM Medical, ni mmoja wa mikanda inayojulikana zaidi, na kwa gari la wagonjwa au timu ya uokoaji tunaupa alama za juu, kwa masharti.

Kinachoutofautisha na wenzake ni bizimu. Unapovuta, bizimu hulia na kujifunga nguvu inapofika nyutoni 150, yaani kama uzito wa kilo 15. Hata ukivuta kwa hasira kiasi gani, haukazi zaidi ya hapo. Si pambo. Aliyegongwa ubavuni huenda mifupa yake tayari imesukumwa ndani, na mvutaji mwenye mikono mizito anaweza kuizidisha. Kwenye eneo la ajali hakuna wa kukuambia mvunjiko ni wa aina gani, kwa hiyo kikomo kilichomo ndani ya kifaa ni bora kuliko kikomo kilichomo kichwani mwa mtu aliyechanganyikiwa.

Upande wa nyuma umetengenezwa kwa kitambaa kinachoteleza ili upite chini ya mwili bila kumburuza majeruhi. Mbele umepunguzwa upana, jambo ambalo daktari wa upasuaji atalishukuru baadaye.

Namna ya kuuvalisha. Toa kwanza funguo, simu na pochi mfukoni. Kitu kigumu kikibanwa kwenye ngozi kwa saa kadhaa huacha kidonda. Ni bora zaidi kukata suruali na kuuweka mkanda kwenye ngozi au juu ya nguo nyepesi, maana hospitali wataikata tu, na mkanda uliokaa juu ya nguo nzito utawalazimu waufungue wakati mbaya. Upitishe chini ya magoti, penye uwazi, watu wawili mmoja kila upande, kisha mwupandishe kwa kuuvuta huku na huku kama msumeno hadi usawa wa nyonga. Usimviringishe majeruhi kwa ubavu ili kuupitisha. Kumviringisha huachanisha mabonge ya damu yaliyoanza kushika. Pitisha ukanda mweusi kwenye bizimu hadi mwisho. Shika ule wa rangi ya chungwa kwa mkono mmoja, vuta mweusi kwa mkono mwingine kuelekea upande wa pili mpaka usikie na kuhisi mlio. Bila kulegeza, ubandike mweusi papo hapo kwenye velkro. Ukisikia mlio wa pili wakati wa kubandika, usishtuke, ni kawaida.

Kabla ya kukaza, sogeza miguu pamoja na uigeuze vidole vielekee ndani kidogo. Funga magoti kwa kitambaa, na vifundo vya miguu kwa mzunguko wa namba nane. Wengi hukiruka kipengele hiki. Miguu iliyoachwa ianguke nje kila mmoja upande wake huvuta fupanyonga lifunguke tena, mkanda ukiwa umefungwa.

Sasa lile tatizo ambalo hakuna bizimu litakaloliondoa. Mlio unakuambia umekaza kiasi gani. Haukuambii umekaza wapi. Kosa linaloongoza katika mikanda yote ya nyonga, wa bei kubwa au shuka la kitandani, ni kuuweka juu mno, pale watu wanapovalia mkanda wa suruali. Pale unabana ukingo wa juu wa fupanyonga, na uwazi wa mbele kwenye kinena unabaki karibu ulivyokuwa. Katikati ya upana wa mkanda lazima ikae juu ya zile nundu mbili ngumu za mfupa wa paja zinazoguswa ubavuni mwa nyonga, usawa wa kinena. Ukiutazama mkanda uliokaa vizuri utauona uko chini mno kwa macho, karibu uzibe sehemu za siri. Hapo ndipo. Kama tumbo la chini limefunikwa, umekosea, na mlio ulisikika vizuri tu.

Nani afungwe? Ajali ya nguvu kubwa pamoja na maumivu ya nyonga, kinena au mgongo wa chini. Mguu mmoja mfupi au uliogeuka. Vilio vya damu kwenye korodani au msamba. Presha ya juu, ile namba ya kwanza, chini ya 90. Au majeruhi aliyepoteza fahamu asiyeweza kukujibu. Usiijaribu nyonga kwa kuibana na kuitikisa ili uone kama inacheza. Kipimo hicho cha zamani hakikupi jibu la uhakika, na kinaweza kuamsha damu iliyotulia. Ukishuku, funga, na ufunge kabla ya kumhamishia kwenye machela. Mzee aliyeteleza na kuvunjika shingo ya paja ni suala jingine. Huyo mkanda haumfai. Na kama paja nalo limevunjika, mkanda unatangulia. Banzi la kuvuta linalojiegemeza kwenye kinena au kwenye mfupa wa kukalia halitumiki kwa mtu unayemshuku fupanyonga.

Wa kulinganisha nao kwanza ni T-POD. Huo unaukata kwa mkasi ubaki uwazi wa sentimita 15 hadi 20 mbele, kisha unabandika vipande viwili vya velkro na kuvuta kamba inayopita kwenye kapi ndogo. Unabana kwa usawa na unamfaa mtu mwenye umbo lolote, hilo hatuubishii. Ila hauna kikomo cha nguvu, na ukishakatwa umekwisha. Shuka lililokunjwa na kukazwa kwa kusokotwa linaweza pia kulirudisha fupanyonga. Udhaifu wake ni kulegea njiani bila mtu kujua.

Kwa vipimo, saizi ya kawaida ya SAM inachukua mzunguko wa nyonga wa sentimita 81 hadi 127. Nyonga, si kiuno. Kwa vijana wembamba ipo ndogo na kwa wanene ipo kubwa zaidi. Anayejaza mkoba kwa saizi moja tu ajue anawaacha wengine nje.

Mkanda hauzibi ateri iliyokatika ndani ya nyonga. Hiyo inahitaji upasuaji au kuzibwa kwa mrija unaopitishwa ndani ya mshipa. Haugusi bandama wala ini, na ajali iliyovunja fupanyonga ilikuwa na nguvu za kutosha kupasua hayo pia. Majeruhi aliyefungwa sawasawa na bado anapauka, mapigo yakipanda na tumbo likikaza, anavuja kwingine. Tone la damu kwenye tundu la mkojo ni dalili ya mrija wa mkojo kuchanika, na hapo usiingize katheta, yaani mpira wa kutolea mkojo, kwa kubahatisha. Kwa wenye ruhusa ya kutoa dawa, asidi ya traneksamiki, dawa ya kuzuia damu iliyoganda isiyeyuke, gramu 1 ndani ya dakika 10 iende mapema. Utafiti wa CRASH-2 wa mwaka 2010 na uchambuzi uliofuata ulionyesha kwamba baada ya saa 3 tangu ajali faida yake hupotea na inaweza hata kudhuru.

Kwa walioko hospitali: mkanda uliokaa vizuri unaweza kuifanya eksirei ionekane safi. Mifupa imerudi mahali pake, mpiga picha haoni kitu, daktari anaufungua na presha inaporomoka. Picha ikiwa safi lakini ajali ilikuwa kubwa, mkanda ulegezwe taratibu majeruhi akiwa ametulia, kisha apigwe picha nyingine. Kuufungua, inua ukanda mweusi huku ukiendelea kuushikilia, kisha uachie polepole. Hakuna haja ya mkasi. Ngozi juu ya nundu na kwenye mfupa wa matako ikaguliwe mara kwa mara, na saa 24 zisipite bila njia nyingine ya kushikilia mifupa kupatikana.

Tofauti na T-POD, huu unaweza kusafishwa na kutumika tena, na hapo ndipo huzeekea. Mchanga na damu iliyokauka hujaa kwenye velkro, ikashika nusu nusu. Uoshwe kwa maji na sabuni, velkro ipigwe brashi, ukauke kabisa kabla ya kukunjwa. Ukiona velkro inaachia yenyewe unapoivuta kwa mkono, mkanda huo hamishieni kwenye mazoezi, na uandikwe hivyo kwa wino mzito ili usirudi kwenye gari.