Tahadhari: ajenti wa "meli hadi mlangoni" na simu ya "afisa wa forodha"

Wenzangu mnaoishi Marekani, hasa mnaopanga kuwapandisha wazazi meli ya kitalii kisha mrudi nao nyumbani, nawaomba msome haya kabla hamjamtumia mtu pesa. Kuna ajenti anayezunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya Wakenya na Watanzania wa huku, akiuza kifurushi anachokiita "meli hadi mlangoni". Mimi nimeumia, na mama yangu wa miaka 71 ameumia zaidi. Jina la ajenti huyo limo kwenye ripoti niliyoiandikisha. Hapa naeleza mbinu zake, kwa sababu jina analibadilisha kila mara, mbinu habadilishi.

Novemba nilimpeleka mama matembezi ya siku saba katika bahari ya Karibi, tukapandia Miami na kushukia Miami. Mpango ulikuwa tukishuka tu, safari ya Mombasa. Bei ya tiketi aliyonipa ilikuwa chini kuliko zote nilizoziona, halafu akaongeza dola 90 kwa kila sanduku. Kwa hizo dola 90, alisema, mizigo yetu ingechukuliwa mlangoni mwa chumba usiku wa mwisho, "watu wake" wangeipitisha forodha, na tusingeiona tena mpaka uwanja wa ndege wa Moi, Mombasa. Aliniandikia hivi: "Dada, nyinyi shukeni mikono mitupu."

Uongo huu unashika kwa sababu umejengwa juu ya kitu cha kweli. Meli kubwa za Florida zina huduma ya kuchukua mizigo melini na kuipeleka hadi uwanja anakoishia abiria. Lakini unajiandikisha mwenyewe kupitia meli, unailipa meli yenyewe, na ni ya ndege za ndani ya Marekani, tena za mashirika yaliyopatana na meli hiyo. Hakuna mtu wa WhatsApp anayeweza kukuuzia hiyo huduma, na haifiki Mombasa.

Kwa abiria wengine wote, usiku wa mwisho mambo huwa hivi. Mhudumu wa chumba anakuletea vipande vya karatasi vya rangi vyenye nambari. Unavifunga kwenye masanduku, unayatoa koridoni kabla ya saa tano usiku hivi, na asubuhi unayakuta yamepangwa chini katika jengo la bandari kwa kufuata rangi na nambari. Hapo unayachukua kwa mkono wako, unapita nayo mbele ya maafisa wa forodha na mipaka, unapigwa picha ya uso, pengine unaulizwa umebeba nini, unatoka nje. Wachukuzi wenye sare wapo, wanakusaidia kuvuta mizigo, nawe unawapa bahashishi. Hao ni watu wa kazi yao, sina neno nao. Lakini hakuna sanduku linalopita forodha bila mwenyewe eti kwa sababu kuna mtu kalipwa.

Niliyaona kwa macho yangu. Sanduku la kahawia la mama, ambalo nililifunga leso nyekundu kwenye mpini ili tulitambue upesi, lilikuwa limesimama katika safu ya kijani katikati ya masanduku ya watu chungu nzima, pale pale lilipowekwa na mabaharia. Hakuna "mtu wake" aliyeligusa. Nikampigia ajenti. Simu iliita mpaka ikakatika.

Kisha suala la saa. Meli yetu ilifunga gati saa kumi na mbili na nusu asubuhi, lakini kufunga gati si kushuka. Kwanza maafisa wairuhusu meli nzima, halafu wanatangulia wanaobeba mizigo yao wenyewe, ndipo wengine wanaitwa nambari kwa nambari. Sisi tuliitwa saa mbili na nusu. Ndege aliyotukatia ilikuwa ya saa tatu na dakika arobaini, tena haikuwa ya Miami bali ya Fort Lauderdale, kaskazini huko, kilomita kama 45 kwa barabara. Bandari iliyo pua na mdomo na uwanja wa Fort Lauderdale ni Port Everglades. Bandari ya Miami iko karibu na uwanja wa Miami, kama dakika 20 kwa gari barabara ikiwa nyeupe. Kampuni za meli zenyewe huwashauri abiria wasikate ndege ya mapema. Saa tano, hata saa sita mchana ndiyo salama. Na kaunta za mizigo kwa ndege za ndani hufungwa dakika 40 au 45 kabla ya ndege kuondoka. Maana yake tiketi ile ilikuwa maiti tangu siku aliyoiuza, na muuzaji alijua. Ndege za mapema ndizo za bei rahisi, ndiyo siri ya bei yake.

Tulipofika kaunta, yule dada akatazama kompyuta yake, akaniambia haoni Nairobi wala Mombasa popote. Nilikuwa na tiketi mbili zisizojuana: moja ya kutufikisha New York, nyingine kutoka New York kwenda nyumbani. Hata kama tungeiwahi hiyo ya kwanza, mizigo yetu ingeishia New York, tuichukue, tupande treni ya uwanjani hadi jengo lingine, tupange foleni upya na mzee. Na kwa kuwa tiketi ni mbali mbali, shirika la pili halina deni nawe. Ukichelewa, imekula kwako. Tiketi ikiwa moja kutoka mwanzo hadi mwisho, ndege ya kwanza ikikuchelewesha shirika linawajibika kukutafutia nafasi nyingine.

Mama alikuwa amekaa juu ya sanduku lake, amejitanda mtandio kichwani kwa baridi ya kiyoyozi, akanivuta mkono akaniuliza taratibu, "Mwanangu, wametufukuza?"

Nilitoa dola 2,870 kununua tiketi mpya, mara hii kwa shirika lenyewe. Tukalala Florida usiku mbili.

Ukitaka kumjua muuzaji wa namna hii kabla hajakumaliza, mwombe nambari ya tiketi. Nambari ya kuhifadhi nafasi, ile ya herufi na tarakimu sita, haitoshi. Omba ya tiketi yenye tarakimu 13, ambayo tatu za mwanzo ni za shirika la ndege. Fungua tovuti ya shirika wewe mwenyewe, uone kama safari zote kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho zimo ndani ya tiketi hiyo moja. Mimi nilitumiwa karatasi nzuri yenye nembo na picha ya meli, nikaridhika. Pia, kwa sheria ya Florida, anayeuza safari lazima ajiandikishe katika Idara ya Kilimo na Huduma za Walaji ya jimbo (ndiyo, kilimo, usishangae), na hupewa nambari inayoanza na ST. Huyu alidai ofisi yake iko Florida. Kwenye risiti zake zote hakuna ST. Na alikataa kadi ya benki katakata, akataka Zelle, njia ya kutumiana pesa moja kwa moja kutoka benki hadi benki, akisema kadi inamkata makato. Kwa kadi ya mkopo ningeweza kupinga malipo. Kwa Zelle benki iliniambia nilituma kwa hiari yangu, basi.

Sasa sehemu iliyoniuma zaidi. Tulipokuwa bado Florida, ajenti alinipigia, mpole kama asali, akaapa kurudisha pesa zote. Alihitaji tu "ushahidi": picha za pasi zetu mpya za kupandia ndege, picha za masanduku, na picha za vibandiko vya mizigo tutakavyopewa kaunta. Nikatuma. Nilikuwa nimechoka na nilitaka kumwamini.

Tulitua Nairobi. Hapa pia msidanganywe: hata tiketi ikiwa moja, mzigo unaokwenda Mombasa kwa kawaida unauchukua Nairobi, kwa sababu pale ndipo unapoingia nchini. Unapita nao kastamu, halafu unaukabidhi tena kwa ndege ya ndani. Kwa ndugu zetu wa Tanzania ni vivyo hivyo Dar es Salaam: ndege ya nje inatua Terminali ya 3, na wa Mwanza anatoka na mizigo yake hadi Terminali ya 2, jengo jingine kabisa. Ukiuziwa saa moja ya kuunganisha hapo, umeuziwa kilio.

Sanduku la mama halikutoka. Niliripoti palepale kabla ya kuondoka ukumbini, nikapewa karatasi yenye nambari inayoanza na NBO. Karatasi hiyo itunze kama paspoti. Kwa Mkataba wa Montreal, ule wa kimataifa wa safari za ndege, sanduku lisipopatikana kwa siku 21 unalidai kama limepotea, na bila ripoti hiyo utahangaika kuthibitisha.

Kesho yake niko mjini, simu ya mama ikalia nyumbani. Mtu akajitambulisha kuwa afisa wa forodha wa JKIA, uwanja wa ndege wa Nairobi. Alilijua jina la mama lote, nambari ya ndege, tarakimu za kibandiko, rangi ya sanduku, hata leso nyekundu. Akamwambia wamelifungua na kukuta manukato na chupa mbili za pombe kali, kwa hiyo atume ushuru wa shilingi 18,500 kwenye simu yake ndani ya saa moja, la sivyo sanduku litapigwa mnada na jina lake litaandikwa.

Mama yangu ni mtu wa msikitini. Pombe hajawahi kuigusa. Alijua si yake. Lakini aliona aibu. Alifikiri labda kuna mtu ameitia ndani, na jina lake litatajwa hadharani na hiyo pombe. Akatuma kimya kimya. Hata mimi hakuniambia mpaka usiku, akiwa analia.

Nilituma ule ujumbe wa M-Pesa kwenda 456 kuomba pesa zirudishwe, lakini saa zilikuwa zimepita na akaunti ilikuwa tupu. Ingekuwa dakika za kwanza, pengine ningeziwahi. Nambari ya tapeli niliipeleka 333 ya Safaricom, na nikawapigia DCI, wapelelezi wa jinai wa Kenya, kwa 0800 722 203, ambayo ni bure. Kwa upande wa Marekani nimeripoti kwenye tovuti za serikali za kupokea ripoti za utapeli, ReportFraud.ftc.gov na ic3.gov.

Siku ya pili shirika la ndege lilileta sanduku uwanja wa Moi. Afisa wa forodha, wa kweli huyu, alilifungua mbele yetu: madira, dawa za mama, vikombe alivyonunua Nassau, chupa mbili ndogo za manukato. Akalifunga. Hatukudaiwa hata senti. Kanuni za Jumuiya ya Afrika Mashariki zinamruhusu msafiri mtu mzima kuingiza manukato na marashi hadi nusu lita kwa jumla, manukato yenyewe yasizidi robo ya hicho kiasi, na kwa wanaokunywa, lita moja ya pombe kali au mbili za mvinyo. Nimeyataja haya ili mtu akimpigia mama yako kesho, ajue la kumjibu.

Na kama ushuru upo kweli, unakadiriwa kwa maandishi na unalipwa serikalini. Kenya pesa inaingia kwa eCitizen, Paybill 222222, na risiti inatoka. Tanzania unapewa namba ya malipo, ile kontroo namba, na unalipia benki au kwa simu. Haiingii kwenye simu ya fulani bin fulani, hata akijua rangi ya sanduku lako. Wazee waambieni hili kabla hawajasafiri, na muwaambie wazi kwamba wakipigiwa simu ya kuwatia aibu, wakupigieni nyinyi kwanza. Hamtawacheka.

Picha za vibandiko na pasi za ndege msimtumie mtu, na msiweke kwenye status. Jina lako la ukoo na ile nambari ya herufi sita vinatosha mtu kuingia kwenye safari yako na kuivuruga.

Kama umeshamlipa huyu ajenti na hujasafiri, piga simu kwa shirika la ndege leo, si yeye, uulize kama tiketi imetolewa kweli na kama ni moja. Ukiona ndege ni ya kabla ya saa tano asubuhi siku ya kushuka melini, omba ibadilishwe sasa hivi. Ukingoja siku yenyewe utanunua upya kama mimi. Ujumbe wake wote uhifadhi, usifute hata sauti alizokutumia.

Juzi binti mmoja wa Minnesota amenionyesha ujumbe aliotumiwa wiki iliyopita. Anampeleka baba yake. Jina ni lingine na picha ni nyingine, ndege ni ya saa tatu na nusu asubuhi kutoka Fort Lauderdale, meli inatia nanga Miami. Na chini yake maneno yale yale: "Dada, nyinyi shukeni mikono mitupu." Alikuwa ameshatuma nusu ya pesa.