Helmeti ya kamera baada ya miruko 64: uzoefu wangu

Nimeivaa helmeti hii mara 64 nikiruka kwa mwavuli kutoka ndegeni, nyingi hapa Diani na chache jangwani Dubai nilipokuwa nikifanya kazi huko, kwa hiyo nikiisifu au nikiilaumu sibahatishi. Ni ya uso wazi, gamba la nyuzi za kaboni, utosini imetengenezwa bapa ili kamera ikae sawa, na ubavuni ina kishikio chekundu ambacho ukikivuta mkanda wa kidevu unaachia papo hapo. Ilinigharimu dola 420 pamoja na kusafirishwa. Jina la kiwanda silitaji, maana kasoro niliyoikuta huenda ni ya helmeti yangu peke yake, na sipendi kumharibia mtu biashara kwa kitu kimoja. Aina hii inatengenezwa na viwanda kadhaa na zinafanana mno, hivyo niliyoyaona yatakufaa hata ukinunua nyingine.

Kwa asiyejua mchezo wenyewe: ukilala kifudifudi hewani unaanguka kwa kasi ya kama kilomita 190 kwa saa. Ukitoka kwenye ndege futi 12,000 na kufungua mwavuli futi 3,500, una sekunde 50 hivi za kupiga picha. Mikono huwezi kuitumia kushika kamera kwa sababu mikono ndiyo usukani. Ndiyo maana kamera hukaa kichwani, na hapo ndipo matatizo yanapoanzia, kwa sababu kamba za mwavuli hupita karibu sana na kichwa chako wakati wa kufunguka. Kitu chochote kilichochomoza juu ya helmeti ni ndoano inayosubiri kamba.

Fikiria kamba imenasa kwenye kamera na mwavuli umefunguka vibaya. Dawa ya mwavuli mbaya ni kuuachia uende zake kisha ufungue ule wa akiba. Sasa utauachiaje ilhali umekushika kichwa? Unavuta kile kishikio chekundu, helmeti na kamera vinakwenda, shingo inabaki. Kwa hiyo nikipima helmeti ya kamera, kitu cha kwanza kwangu ni kile kishikio. Urembo na uzito baadaye.

Nilikijaribu nyumbani kabla sijaipandisha ndegeni. Niliifunga helmeti kwenye tawi la mwembe kwa kamba iliyopita pale kamera inapokaa, mkanda wa kidevu nikaufunga kama ninavyoufunga kidevuni, na kwenye mkanda nikaning'iniza mtungi wa maji wa lita 10. Nikavuta kishikio. Mtungi ukaanguka pale pale. Nikarudia mara ishirini, mara nyingine nimevaa glavu, mara nyingine nimefumba macho, na mara zote ukaachia kwa mvuto mmoja. Nilifurahi kweli kweli. Nikakaa na imani hiyo miezi minne.

Mwezi wa tano nilikuwa barazani naipangusa kwa kitambaa chenye maji baridi, kama ninavyofanya kila nikitoka ufukweni, nikaona mstari mwembamba wa rangi ya chai ukishuka kutoka kwenye kichwa cha skrubu inayoshika kifungo cha kushoto. Kutu. Nilipoigusa skrubu kwa ukucha ikazunguka. Nikaichukua helmeti hadi mwembeni na mtungi wangu. Mara ya tatu kuvuta, kishikio kikagoma. Kikaja nusu kikakwama, na ilibidi nivute tena kwa nguvu ndipo mtungi ukaanguka. Barazani hilo ni jambo dogo. Futi 2,500, mwavuli umekukaba, kuvuta mara mbili ni muda ambao huna.

Tatizo ni skrubu za chuma cha kawaida kuletwa mahali penye chumvi ya bahari. Aliyeichora helmeti hii nadhani aliwaza viwanja vya bara, penye nyasi kavu. Hapa kwetu kipindi cha kaskazi upepo unavuma kutoka baharini siku nzima, na ukitua mchangani unabeba chumvi hadi ndani ya masikio. Nilimwandikia muuzaji. Alijibu baada ya wiki tatu, kwa adabu, akanitumia skrubu nyingine za aina ile ile. Nikaenda mwenyewe kwenye duka la vifaa vya mashua Mombasa nikanunua nne zisizoshika kutu, saizi ile ile, kwa bei isiyofika hata chakula cha mchana. Tangu hapo miruko 37, na mtungi naupandisha mwembeni kila mwezi. Kishikio hakijagoma tena.

Kasoro nyingine ni ndogo. Kamera ikikaa juu, kati ya kitako chake na gamba hubaki upenyo kama unene wa kucha, kwa sababu gamba halikunyooka sawasawa. Upenyo huo unatosha kamba kuingia. Niliuziba kwa silikoni, nikaulainisha kwa kidole chenye sabuni, leo hata uzi wa kushonea hauingii. Kile kishikilia kamera cha plastiki kirefu kinachokuja na kamera nyingi nilikiweka kabatini. Kinainua kamera kama mnara, na mimi sitaki mnara kichwani.

Faraja yake ni nzuri sana. Kamera yangu ni GoPro, haifiki gramu 200, na helmeti imeshika kichwa vizuri, haichezi. Mwavuli ukifunguka kwa nguvu shingo hailalamiki. Nimewahi kuvaa helmeti ya kuazima yenye kamera kubwa ya picha za mnato, na baada ya miruko mitatu nililala na taulo la moto shingoni. Kama kazi yako ni kurekodi video za marafiki, kamera ndogo inatosha kabisa.

Unyevu nao ujihadhari nao. Ukiitoa kamera kwenye chumba chenye kiyoyozi ukaipeleka nje Diani, kioo kinafunga ukungu. Juu kule ni baridi, kisha unashuka kwa dakika chache hadi kwenye hewa ya pwani yenye joto, ukungu unarudi tena. Mimi kamera naiacha kivulini nje saa moja kabla ya kupanda. Picha za jua la asubuhi, mwamba wa matumbawe ukionekana kama mstari mweupe na maji ya kijani ndani yake, zimenifanya niipende kazi hii kuliko nilivyotarajia.

Sasa niseme lile lililonifanya niandike. Limetoka kwangu mimi, helmeti haina kosa.

Chama cha warukaji cha Marekani, USPA, kinashauri mtu asiruke na kamera kabla hajapata leseni ya C, ambayo inadai miruko 200. Nilipokuwa na miruko 80 nililiona sharti hilo kuwa la wazee wasiopenda vijana. Kamera yenyewe ni kama kiberiti, nikasema, itanizuia nini? Mkufunzi wangu Dubai, mtu mzima aliyeanza mchezo huu kabla sijazaliwa, aliniambia, "Mwanangu, uzito wake ni gramu tu. Lakini akili inayokula ni nusu ya akili yako. Subiri uwe nayo ya ziada." Nikasubiri kwa kumheshimu tu. Nilianza kuvaa kamera mruko wa 212.

Mruko wa kumi na kamera, yaani wa 221, tulikuwa wawili, mimi na mwenzangu niliyezoea kuruka naye. Tulikubaliana chini kabisa: futi 5,500 tunaachana, kila mmoja anageuka na kwenda upande wake, futi 3,500 tunafungua. Kuachana huko si adabu tu. Mkifungua mkiwa karibu, mmoja anaweza kuingia kwenye mwavuli wa mwenzake. Ndani ya helmeti nilikuwa na altimita ya sauti, yaani kipimo cha urefu kutoka ardhini kinacholia sikioni, nimeipanga ilie futi 5,500, tena 4,000, tena 2,500.

Video ninayo. Mwenzangu yuko katikati ya picha, nyuma yake bahari, jua limempiga ubavuni, nguo yake nyekundu inapepea. Anapunga mikono mara mbili, ile ishara ya kuachana. Anageuka, anaondoka. Na kamera inamfuata. Haitikisiki. Picha nzuri mno, ukiiangalia utadhani mpigaji ni mtu wa miaka ishirini kazini. Mpigaji huyo wakati ule altimita ilikwisha kumlilia sikioni mara moja, akasikia, akasema moyoni kidogo tu. Kwa kasi ile futi 1,000 huisha kwa sekunde sita hivi. Mlio wa pili ulipolia nilikuwa bado namtazama yeye akiondoka. Nilipotazama altimita ya mkononi sindano ilikuwa imepita 3,000.

Nilifungua kama 2,700, nikiwa bado nimegeuza shingo na bega moja limelala. Mwavuli ukatoka, kamba zikasokotana mara mbili juu ya kichwa changu. Nikatazama: 2,000. Kwa leseni yangu, futi 1,800 ndipo uamuzi wa mwisho. Ukifika hapo na mwavuli haujakaa sawa, unauachia na kufungua wa akiba. Nikatanua kwa mikono mikanda inayoshika kamba za mwavuli, nikapiga mateke hewani kama mtoto anayejifunza kuogelea, kamba zikajisokotoa. Alhamdulillahi. Nilipotua nilikaa mchangani, helmeti mapajani, na mwenzangu aliponijia na kuuliza, "Vipi, umepata picha?" sikuweza kumjibu.

Nilikuwa na kila kitu. Altimita mkononi, altimita sikioni, na mgongoni chombo cha CYPRES kinachofungua mwavuli wa akiba chenyewe ukifika futi 750 hivi ukiwa bado unaanguka kwa kasi. Bill Booth, aliyebuni mfumo wa pete tatu ambao karibu kila mwavuli wa mchezo leo unautumia kuachia mwavuli mkuu, ana kanuni yake ambayo warukaji wote tunaijua: kadiri vifaa vinavyokuwa salama, ndivyo warukaji wanavyojitafutia hatari mpya. Niliisikia kanuni hiyo mara nyingi. Siku ile nilikuwa mfano wake.

Kuna kisa cha Aprili 1988 huko North Carolina, Marekani, ambacho nilikuwa nikikisimulia kama ajabu. Mpiga video mwenye miruko zaidi ya 800 alipanda ndege kumrekodi mwanafunzi na mkufunzi wake. Wakati ule vifaa vya video vilikuwa vizito, mashine ya kurekodi ikabebwa mwilini. Akatoka ndegeni akirekodi, na hakuwa amevaa mwavuli. Aliusahau. Nilikuwa nikijiuliza mtu anawezaje kusahau mwavuli. Baada ya mruko wa 221 sijiulizi tena. Mzigo ulikuwa mwilini kama kawaida, macho yalikuwa kwenye kamera, na akili ikaamini yote yako sawa.

Kwa hiyo nimebadili utaratibu. Kamera inabaki kwenye mfuko hadi mtu mwingine aguse mkanda wangu wa kifua, mikanda ya miguu, pini za miavuli na vishikio vyote. Baada ya hapo ndipo naiweka na kuiwasha. Na mlio wa kwanza ukilia nageuza mgongo, hata kama mbele yangu kuna picha ambayo sitaipata tena. Mwenzangu anajua, na asipoona mgongo wangu futi 5,500 ameahidi kuninyima lifti ya kurudi Ukunda.

Wengi mtakaosoma hapa mtaruka kwa tandemu, umefungwa na mkufunzi. Ninyi msinunue helmeti wala kubeba simu mfukoni. Lipieni video ya pale pale. Kamera ya mkononi mwa mkufunzi ni ya bei nafuu na inaonyesha uso wako kwa karibu muda wote. Mpiga picha anayeruka pembeni anagharimu zaidi, lakini yeye ndiye atakayekuonyesha mzima, ndege juu, bahari chini, na ule wakati wa kutoka mlangoni. Kama fedha ipo, chukua wa pembeni. Kabla ya kulipa muulize amepiga miruko mingapi na kamera. Anayejua kazi yake hatakasirika.

Kwa anayetaka kununua helmeti hii au ya aina yake: chagua ile yenye kishikio unachoweza kukifikia kwa mkono wa kushoto, maana wa kulia utauhitaji kwa kuachia mwavuli mkuu. Saizi zinabana. Kichwa changu ni sentimita 58, jedwali lao likaniambia M, M ikanitia alama kwenye paji la uso, nikairudisha nikachukua L na kuongeza sifongo pande zote mbili za masikio. Skrubu badilisha siku ile ile inapofika.