Manning au Leaf: mjadala wa mwaka 1998

Kabla ya uteuzi wa wachezaji wapya wa NFL, ligi ya kulipwa ya futiboli ya Marekani, wa Aprili 1998, mashabiki waligawanyika kuhusu kwotabeki (mchezaji anayeongoza mashambulizi na kurusha pasi) ambaye Indianapolis Colts, wenye nafasi ya kwanza, wangemchukua: Peyton Manning wa Chuo Kikuu cha Tennessee au Ryan Leaf wa Chuo Kikuu cha Washington State. Waliomtetea Leaf walikuwa na hoja nzito, na si haki kuwabeza leo, kwani mkono wake ulionekana kuwa na nguvu zaidi, naye alikuwa ameirudisha timu yake kwenye Rose Bowl, mechi maarufu ya kila mwaka ya timu za vyuo, baada ya miaka 67. Manning, kwa upande wake, aliondoka chuoni bila kuishinda timu ya Chuo Kikuu cha Florida katika mechi yoyote aliyoianza.

Hata hivyo, naamini nguvu ya mkono ilipewa uzito kupita kiasi. Sifa kubwa ya Manning ilikuwa kuusoma ulinzi wa wapinzani kabla mpira haujaanza kuchezwa na kubadilisha mpango papo hapo, kazi ya akili na maandalizi ambayo mizani na saa haviwezi kuipima.

Colts walimchagua Manning, na San Diego Chargers wakamchukua Leaf. Msimu wa kwanza uliwatesa wote wawili: pasi 28 za Manning zilinaswa na wapinzani, ila alitoa 26 za kufunga, ilhali za Leaf zilizonaswa ni 15, naye alitoa 2 tu za kufunga. Dhidi ya Kansas City, Leaf alikamilisha pasi 1 kati ya 15, kwa yadi 4.