Kitabu cha Primo Levi na kurasa zangu 16

Nianze na hasira, maana bila hiyo nisingeandika. Wakati wa zile mvua nilinunua kwa wale wanaotandaza vitabu chini, katikati ya jiji, kumbukumbu za Primo Levi, mkemia Myahudi wa Torino aliyepelekwa Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi wa Ujerumani, mwaka 1944. Nilitajiwa 15,000, nikashusha hadi 12,000, nikajiona mjanja. Karatasi zilikuwa nyeupe mno kwa kitabu cha mtumba. Hapo ndipo ningeshtuka kuwa ni cha kudurufu.

Nikasoma vizuri tu mpaka alipoitwa kwenye mtihani wa kemia. Ndiyo, mtihani, humo humo kambini! Mtu ana njaa, ananuka, kapewa namba 174517 badala ya jina, halafu anasimamishwa mbele ya dokta wa Kijerumani mwenye meza safi aulizwe kemia, waone kama anafaa kwenye maabara ya kiwanda cha mpira. Moyo unanidunda. Nageuza ukurasa wa 104, nakutana na wa 121.

Nikakirudisha. Jamaa alikuwa anakula mihogo, hata uso hakuinua. "Kaka, hicho si cha wale Wayahudi? Si unajua mwisho wake? Wanakufa. Hizo kurasa kumi na sita zitakuongezea nini?" Muuza chaja wa jirani akacheka. Nikaondoka natetemeka, na nilipofika kituo cha daladala ndipo majibu yote mazuri yakanijia.

Kwa hiyo: nyota moja. Kwa muuzaji, si kwa kitabu.

Ingawa na kitabu chenyewe nilikuwa na ugomvi nacho. Kimepoa. Nilitaka mwandishi alie, alaani, yeye anahesabu. Treni iliondoka Fossoli, kambi ya kule Italia walikokusanywa, na watu 650. Wanaume 96 na wanawake 29 wakaingizwa kambini kufanya kazi. Waliobaki, zaidi ya 500, siku mbili baadaye hakuna aliyekuwa hai. Anakwambia hivyo kama msoma mita za maji, kisha anaendelea. Nikasema huyu bwana ana moyo wa jiwe, nyota tatu zinamtosha.

Halafu kuna pale anapoeleza foleni ya supu. Ukiwa mbele unapata maji, vilivyo vizito vimezama chini, kwa hiyo mtu anapiga hesabu asimame wapi upawa umfikie wakati sufuria linakaribia kwisha. Nikacheka! Maana sisi bweni tulikuwa hivyo hivyo na makande. Maharage yanakaa chini, mjanja anajifanya kufunga kamba za viatu mpaka wenzake wapite. Nikamsomea mke wangu kwa sauti. Akaniuliza, "Na ninyi mlikuwa mnakufa?" Sikumjibu. Kile kicheko kimenikaa vibaya mpaka leo.

Wiki kadhaa zikapita. Rafiki yangu mmoja anasoma chuo ng'ambo, akaenda maktaba, akanipigia picha zile kurasa na kunitumia kwenye simu. Nikazisoma nimesimama kwenye daladala, begi la mtu likinichoma mbavu.

Jamani. Humo ndimo Levi na kijana mmoja kutoka Alsace, upande wa Ufaransa, jina lake Jean, wanatumwa kufuata sufuria la supu. Jean anataka kujifunza Kiitaliano. Levi, katika vitu vyote, anaanza kumfundisha kwa mashairi ya Dante, yule mshairi wa kale wa Kiitaliano, pale Ulysses, shujaa wa hadithi za Wagiriki, anapowaambia mabaharia wake kwamba hawakuumbwa waishi kama wanyama. Na mistari haimjii! Anakumbuka miwili, mitatu inatoroka. Anaokota neno hapa, kipande pale, njia inaisha, jikoni kunakaribia. Anasema angetoa supu yake ya siku ile apate kuunganisha mistari iliyopotea.

Supu yake! Ile ile anayoipigia hesabu ya foleni.

Mimi nilikuwa nalalamikia 12,000. Nikapitiliza kituo.

Sasa nafuta ule moyo wa jiwe. Nafuta na nyota tatu. Angelia yeye, ningelia naye, nikafuta kamasi, nikalala. Kwa vile hakulia, bado ninazunguka na kitabu chake. Na hata alipomaliza kukiandika, mchapishaji mkubwa alikikataa. Mwaka 1947 nyumba ndogo ya uchapishaji ikatoa nakala 2,500, kikaja kuchapwa upya 1958. Ukikitafuta, tazama jina. La Kiitaliano, Se questo è un uomo, linauliza kama huyu ni mtu. Wamarekani wakalibadilisha likawa la kunusurika, Survival in Auschwitz, kama filamu ya kivita.

Muuzaji sijamsamehe, msidhani. Nilipita pale juzi, ameweka nakala nyingine mpya ya kitabu hicho hicho. Nikaichukua nikaifungua. Ya 104 inafuatwa na ya 121. Akaniambia, "Hiyo nzima, kaka." Nikamwambia lete kalamu. Nikaandika ndani ya jalada, kwa Kiswahili: zimepungua kurasa 16, na ndizo zenyewe. Alifoka, lakini kalamu alikuwa amekwisha nipa.

Zangu nilizitoa kopi nikazichomeka mahali pake, zimechomoza kwa sababu karatasi ni kubwa kuliko kitabu. Kwenye picha moja kidole gumba cha rafiki yangu kimefunika mstari mzima, katikati kabisa ya Dante. Nimemwandikia apige tena. Amesema maktaba imefungwa kwa likizo.