TAHADHARI: Huyu wa "pomboo asubuhi, Shimba Hills jioni" ni mwizi, msimtumie hata shilingi

Jamani, kuna kijana anazungusha tangazo la safari ya siku moja: asubuhi boti ya pomboo kwenye hifadhi ya bahari ya Kisite, jioni gari la mbuga ya Shimba Hills kuangalia palahala, wale swala wakubwa weusi. Tapeli. Namba ameshabadilisha, lakini video ni ileile, mashua ya tanga la buluu na taarabu nyuma.

Na msiniulize nilimwamini vipi. Alinipigia mwenyewe, magharibi, nakaanga samaki, akaniambia, "Dada, usiende na watu wa bei ya kutupa. Bahari ya kusi si mchezo, na wewe una bi mkubwa." Sasa mwizi gani anakuonya habari za kusi? Akaahidi kiti cha mama ndani ya boti, na vijana wa kumshika mkono akishuka kisiwani Wasini. Mpaka kaa na wali wa nazi akanitajia! Kisha, "Nafasi zimebaki nne, mwenye boti niko naye hapa." Nyuma nikasikia mtu akisema, "Muulize kama analipa, kuna Wazungu wanangoja." Nikazima jiko, nikatuma 18,000. Jina lililotokea kwenye M-Pesa la kike. Akasema ni mkewe, ndiye anayeshika pesa. Sauti ya mtu aliyelelewa, wallahi.

Gari lilikuja kweli, hilo ndilo lililonimaliza. Probox! Tumebanana tangu Likoni mpaka Shimoni, mama mbele na mkoba wake wa maandazi. Pale ofisini kwa KWS, shirika la wanyamapori, askari akatafuta tiketi yetu, hakuna. Ile risiti niliyotumiwa ilikuwa ya watu wengine, jina limefutwafutwa. Boti hakuna. Wavuvi wakatuhurumia, wakataka kutuvusha Wasini tu, ila maboya ya kuvaa hawakuwa nayo na mama akakataa katakata. Yule tapeli simu imezimwa. Dereva naye, "Mimi nimekodiwa kuwaleta tu." Kurudi, tulipofika Kombani, njia ya Kwale hiyo hapo, nikamwambia basi tupandishe tukaone hata msitu wa Shimba Hills. Ati mafuta ya Kwale hakupewa.

Mnamjua mamangu. Siku hizi pomboo akitokea kwenye televisheni, ananigeukia mimi.

Huyu afungwe. Apelekwe Shimo la Tewa kwa hiyohiyo Probox, amebanwa katikati, dirisha halifunguki, na mkewe mweka hazina awe nyuma yake.

Dalili? Ada za KWS hulipwa eCitizen, mtandao wa serikali, si kwa namba ya mke wa mtu. Kisite ina tiketi yake na Shimba Hills yake, na mkazi halipi sawa na mgeni. Yeye alitaja bei moja kwa kila kitu, hata vitambulisho hakuuliza. Mengine jazieni wenyewe, mimi nimekasirika.

Mwenye namba yake mpya anitumie faraghani. Namba ya OB, ile ya ripoti ya polisi, ninayo, kesho narudi kituoni.