Kingamwili za Chk1, Chk2 na p53: kabla ya kulipa, uliza kama ina glisaroli

Dada mmoja wa Chake Chake kaniandikia kwa uchungu. Kingamwili yake ya maabara, ya kuitambua Chk1 (Chk1, Chk2 na p53 ni protini zinazofanya kazi DNA ya seli ikiharibika), ilimpa bendi nzuri mwanzoni, umeme ukakatika mara kadhaa, sasa bloti nzima, yaani utando unaoonyesha protini kama mistari au bendi, haina kitu. Muuzaji kamjibu kuwa sampuli zake ndizo mbovu. Haya.

Mambo ya bendi moja safi sirudii, kila tangazo linayo. Mimi natazama mstari mmoja wa karatasi ya maelezo, ule wa myeyusho wa kuhifadhia. Kingamwili iliyotiwa glisaroli, kimiminika kizito kinachozuia kuganda, nusu kwa nusu haigandi kwenye friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri. Ukiinamisha kichupa inateremka taratibu kama asali. Iliyomo kwenye maji ya chumvi matupu huganda, umeme ukienda inayeyuka, ukirudi inaganda tena, na kila mara nguvu yake inapungua. Kwetu Unguja, tuliokaa bila umeme wa kebo ya baharini tangu Disemba 2009 hadi Machi 2010, hili si la kupuuza.

Namba moja kwangu ni kampuni ya Cell Signaling, na upendeleo wangu siufichi. Kwa Chk1 yenye fosfati (alama ya kuwashwa) kwenye serini 345, yaani asidi amino ya 345 ya protini, pale kimeng'enya cha ATR kinapoipachika, chukua kloni (ukoo mmoja wa kingamwili zinazofanana) ya sungura 133D3. Kwa Chk2 kwenye threonini 68, C13C1. Glisaroli asilimia 50, na wenyewe wanasema usiigawe kwenye vichupa vidogo. Msiipeleke friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri kwa kudhani mnaihifadhi zaidi: huko itaganda. Nunua na ya Chk1 nzima, inayoshika yenye fosfati na isiyo nayo, maana bendi ya fosfati peke yake haikwambii kama protini imewashwa au imeongezeka tu.

Ya pili ni kloni ya DO-1 ya p53, ya kampuni ya Santa Cruz. Glisaroli haina, lakini inakaa friji ya kawaida, nyuzi 4, na kuigandisha ni marufuku. Umeme ukienda usiku, usifungue mlango wa friji, basi. Ila inashika p53 ya binadamu. Mwenye seli za panya atafute nyingine.

Kampuni ya Abcam ni ya tatu. Nzuri, lakini myeyusho hutofautiana bidhaa kwa bidhaa, kwa hiyo soma kila karatasi.

Poliklonali (kingamwili mchanganyiko kutoka damu ya mnyama) za bei rahisi: sungura akibadilishwa, na bendi zinabadilika. Nishamaliza.

Sasa mawakala. Barafu wanaitoza mbali, usafirishaji mbali, kisha boksi linashushwa bandarini Malindi, hapa Unguja, Ijumaa mchana, ofisi zishafungwa. Niliwahi kufungua langu nikakuta barafu imekuwa maji ya uvuguvugu, wakala ananiambia, "Mbona kichupa kizima, dada?" Kizima! Nani kauliza kioo? Siku hizi sitii saini ankara isiyoandikwa kloni, namba ya toleo na siku ya boti, nayo isiwe Alhamisi wala Ijumaa.